Mgongo wazi, kodi ya nyumba na ile fujo ya tabaka, jinsia na rangi

Ukishuka kutoka Kondele kwenda Obunga hapa Kisumu, pua ndio inatangulia kufika. Mafuta yanachemka, samaki anakaangwa, masufuria meusi makubwa, akina mama wamejifunga leso wamesimama kwa moshi toka asubuhi. Kinachokaangwa hapo kinaitwa mgongo wazi. Kwa mtu ambaye si wa huku, mgongo wazi ni mbuta (wengine humwita sangara) aliyebaki baada ya kiwanda kutoa fileti, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, katikati mifupa imekaa kama kichana. Ile nyama nyeupe ya mbavuni ishawekwa barafu inaenda Ulaya na kwingine, hii mifupa ndio inarudi kwetu na tunaila na ugali na tunashukuru.

Nimekula hii kitu tangu utoto na sikuwahi kuona siasa ndani yake mpaka juzi tukiwa tumekaa kwa kibanda cha chai tunasubiri mvua iishe. Tulikuwa wanne. Jamaa wangu fundi wa pikipiki akasema shida ya hii nchi ni moja tu, kuna wenye nacho na wasio nacho, hayo mambo ya wanawake na ya wazungu ni hadithi za semina, watu wanaenda kukula alawansi. Binamu yangu akamwambia jaribu kuwa mwanamke wiki moja tu, hata huo umaskini unaojivunia utaujua vizuri. Halafu mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza na kikombe chake akasema nyinyi wote hamjui kitu, haya mambo yote aliyaleta mzungu, kabla yake hakukuwa na tajiri hapa wala shida ya mwanamke.

Nilicheka, lakini baadaye nikakaa nikafikiria, kumbe hawa watu watatu wamegombana bila kujua ugomvi ule ule ambao wasomi wa siasa na jamii wamekuwa nao tangu wakati wa Marx mpaka leo. Kila mmoja ana jeshi la vitabu nyuma yake. Na kila mmoja, kwa maoni yangu, ameshika kitu cha kweli lakini amekishika vibaya.

Tuanze na fundi. Yeye ako upande wa Karl Marx hata kama hajui. Marx na mwenzake Engels walitoa Ilani ya Kikomunisti 1848 wakasema historia ya jamii zote ni historia ya mapambano ya matabaka, na hapo watu hukosea sana, wanadhani tabaka ni kiasi cha pesa uko nayo mfukoni, eti huyu anaishi Milimani huyu anaishi Nyalenda basi tumemaliza. Hapana. Tabaka kwa Marx ni uhusiano. Chukua vijana wawili wa boda hapo steji, wote wanapata karibu sawa kwa siku, mmoja pikipiki ni yake na mwingine kila jioni lazima apeleke pesa kwa mwenye pikipiki kabla hajanunua hata unga. Hao wawili wanafanana suruali na helmeti lakini hawako mahali pamoja, kwa sababu mmoja wao kuna mtu amekaa nyumbani anaangalia taarifa ya habari na anakula jasho lake. Ziwani ni vile vile. Mwenye mashua anaweza kulala usingizi wake vizuri, wavuvi ndio wanakesha majini na baridi, asubuhi mafuta ya injini yanakatwa kwanza, halafu mwenye mashua anachukua sehemu yake, halafu kinachobaki ndio wavuvi wanagawana.

Sawa. Mpaka hapo fundi anaongea poa. Lakini sasa ngoja tufike ufuoni.

Ufuoni kuna mama anayenunua samaki kwenda kuuza. Kama unafuata hesabu ya fundi, huyu mama ni mfanyabiashara, ana mtaji wake hata kama ni mdogo, na yule mvuvi hana kitu isipokuwa mikono. Kwa karatasi mama yuko juu ya mvuvi. Lakini si tunajua kinachoendelea? Samaki wakiwa wachache mvuvi ndio anachagua atamuuzia nani, na mama anaambiwa pesa peke yake haitoshi. Hiyo kitu ina jina, inaitwa jaboya, yaani mama atoe ngono ndio apate samaki, kila mtu wa Nyanza anaijua na kila mtu anaongea juu yake kwa sauti ya chini, na ukimwi umepitia hapo ukamaliza maboma mazima. Sasa niambie ni ukurasa gani wa hesabu ya wenye nacho na wasio nacho unaeleza vile mtu asiye na mtaji anamtawala mwenye mtaji? Haupo. Lazima umuite binamu yangu akusaidie, akueleze kwamba kuingia majini kuvua ilikuwa kazi ya wanaume kwa mila, mwanamke hapandi mashua, kwa hivyo mlango wa samaki wote una mlinzi mmoja na ni mwanaume.

Lakini ona pia hii. Kule Nduru, upande wa Nyakach, miaka kama kumi na tano hivi iliyopita akina mama walijiunga, wakasaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakaajiri wanaume wa kuvua, na kikundi wakakiita jina ambalo maana yake ni hakuna ngono kwa samaki, waziwazi hivyo, na maneno yakabadilika. Hawakufanya semina ya kubadilisha mioyo ya wavuvi. Walibadilisha nani anamiliki mashua. Kwa hivyo fundi aliyefukuzwa kwa mlango wa mbele amerudi kwa dirisha, na ndio maana nasema hii maneno haitaki mtu wa haraka. (Halafu ziwa likafurika kwenye mwaka wa 2020 likamezea watu wa Nduru nyumba na ufuo, na hiyo nayo ni hadithi nyingine kabisa ya nani huumia maji yakipanda.)

Binamu naye ana wazee wake kwa vitabu. Mwaka 1884 Engels mwenyewe aliandika kwamba utumwa wa mwanamke ulianza mali ilipoanza kuwa ya mtu binafsi, mwanaume akataka kujua mtoto yupi ni wake ndio amwachie urithi. Ni wazo zuri lakini lina harufu ya kusema subirini kwanza, mali ikishakuwa ya wote nyinyi wanawake mtakuwa sawa. Wanawake wakachoka kusubiri. Mwaka 1972 watetezi wa wanawake wakina Selma James na Mariarosa Dalla Costa wakauliza swali la jikoni kabisa: huyu mfanyakazi anayeamka asubuhi kwenda kiwandani, ni nani amemfulia, amempikia, amemzaa, amemlea mpaka akafika umri wa kuajiriwa? Hiyo kazi tajiri anaipata bure. Halipii hata shilingi, na kila mwezi akilipa mshahara mmoja amepata watu wawili. Mimi nikisoma hiyo namkumbuka kukhu, yaani mama ya baba yangu, nitamfikia.

Na mzee wa chai? Yeye ako na Frantz Fanon, mwandishi mweusi wa Martinique aliyepinga ukoloni, aliyesema 1961 kwamba kwenye koloni huwezi kutenganisha utajiri na weupe, mtu ni tajiri kwa sababu ni mzungu na ni mzungu kwa sababu ni tajiri. Ako pia na Cedric Robinson, Mmarekani mweusi ambaye kitabu chake cha 1983 kinasema ubepari haukuja duniani ukiwa hauna rangi halafu baadaye ukapakwa, ulizaliwa tayari ukiwa na tabia ya kugawa watu kwa aina, hata huko kwao Ulaya walianza kwa kudharauliana wenyewe kwa wenyewe, Waayalandi na wengine, kabla hawajafika kwetu. Huo ndio watu huita ubepari wa rangi.

Sasa tuko na misumari mitatu na kila mtu ana nyundo. Wengi hufika hapa wakasema aah, basi yote matatu ni muhimu, tuheshimiane, kwaheri. Hilo ni jibu la uvivu. Swali lenyewe ni vile haya matatu yanashikana, na kwa hilo mimi sijaona mwalimu bora kuliko kodi moja ya zamani.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, na mwaka huo huo serikali ya Mwingereza ilikuwa ishaweka kodi ya nyumba. Kodi ya nyumba, yaani kila kibanda cha Mwafrika kinalipiwa. Sikiliza vizuri uone ujanja. Ni ya Waafrika, kwa hivyo ni rangi. Inalipwa kwa pesa na si kwa mahindi, na pesa unaipata wapi kama si kwa mtu wa kukuajiri, kwa hivyo hapo ndio tabaka linatengenezwa, mtu aliyekuwa na shamba lake na ng'ombe wake anageuzwa kibarua. Halafu nyumba: kwetu kila mke ana nyumba yake. Mwanaume wa wake watatu analipa tatu. Kwa hivyo wale waliokuwa wanahesabiwa kwa ukweli ni wanawake, na aliyeandikwa kwa daftari ni mwanaume. Baadaye, 1910, wakaona vijana wasio na nyumba zao wanaponyoka, wakaongeza kodi ya kichwa. Walowezi hawakuficha kwamba nia ilikuwa watu watoke vijijini waende kufanya kazi.

Na wakaenda wapi? Watu wa kwetu walienda Nakuru. Njoro, Molo, Naivasha, ile ardhi nzuri iliyokuwa imetengewa wazungu, na sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa walowezi miaka 999. (Huwa najiuliza nani alikaa akaamua 999, mbona asimalizie tu elfu.) Mhindi aliyekuja na reli au nyuma yake hakuruhusiwa kumiliki shamba huko juu, akabanwa kwa duka, na leo mtu anasimama Oginga Odinga Street anasema Mhindi amezaliwa na kaunta. Hakuzaliwa nayo. Alifungiwa milango mingine yote, akapata pesa kwa huo mmoja, na sasa anaonekana ni tabia ya damu. Ndio kazi ya rangi hiyo, kuchukua kitu ambacho sheria ilifanya jana na kukiita maumbile.

Kuka yangu, yaani babu, alikuwa mmoja wa waliopanda treni. Alikuwa mpishi wa mzungu huko Njoro, lakini neno mpishi halikutumika sana, walikuwa wanaitwa boi. Mtu ako na miaka hamsini na wajukuu, anaitwa boi. Alipika, alifua, alipiga pasi, hata chupi za memsabu alifua, hiyo alikuwa anaisema akishakunywa tu. Na hii ndio sehemu inanipigaga akili: kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu Kenya zilifanywa zaidi na wanaume. Zile kazi ambazo leo utaambiwa mwanamke ameumbiwa. Mkono wa mwanaume mweusi ulikuwa unaweza kuosha sahani vizuri tu bila shida, mradi sahani ni ya mzungu. Akirudi nyumbani likizo, kuka hakuwa anagusa sufuria. Kukhu angeanguka na kufa kabla kuka hajachemsha maji.

Kwa nini? Hapa nitamkopa W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani. Yeye 1935 alikuwa anaeleza kitu cha Marekani, mbona wafanyakazi weupe maskini wa kusini hawakuungana na wafanyakazi weusi wakati wote wananyonywa na matajiri wale wale. Akasema mweupe maskini alilipwa mshahara mdogo, lakini juu yake aliongezewa mshahara mwingine wa heshima, wa kisaikolojia: polisi wanatoka kwa watu wake, mahakama inamsikiza, anaingia bustani na shule nzuri, anaitwa bwana. Huo mshahara haununui unga lakini mtu ataupigania kuliko unga. Sasa nikiangalia kuka naona kitu kama hicho kwa jinsia. Njoro ni boi. Nyumbani kwetu Butere ni mwenye boma. Mkoloni alimnyang'anya mengi sana lakini hilo alimwachia, tena akalikaza, juu mtu aliyepewa wa kutawala nyumbani anavumilia kutawaliwa kazini. Sitaki kusema wanaume wa kwetu walifundishwa ubabe na mzungu, tulikuwa nao wetu wa kienyeji wa kutosha. Nasema ulipata matumizi mapya.

Na kukhu huku nyuma? Alilima. Peke yake na watoto sita. Mahindi, mtama, maharagwe, na alilisha nyumba nzima, na kwa sababu alilisha nyumba nzima mzungu wa Njoro aliweza kumlipa kuka mshahara wa mtu mmoja asiye na familia. Hii si dhana yangu, kamati ya serikali yenyewe, ile ya Carpenter ya 1954, ilikubali kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa imepangwa kwa mahitaji ya mwanaume mmoja tu. Kwa hivyo jembe la kukhu kule Butere lilikuwa linalipia siagi ya mtu Njoro ambaye hakuwahi kumuona. Niambie hiyo ni tabaka, ni jinsia, ama ni rangi? Ukitoa moja hesabu inaanguka. Bila rangi hakuna kodi ya Waafrika tu na hakuna ardhi ya wazungu tu. Bila jinsia hakuna mtu wa kulima bure nyumbani ili mshahara ushuke. Bila tabaka hakuna faida, na kama hakuna faida nani angejisumbua kuhesabu vibanda?

Ndio maana ile lugha ya kujumlisha huwa inanikera, ile ya kusema huyu anaonewa mara mbili, yule mara tatu, mwanamke mweusi maskini ana pointi tatu. Ni kama mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari. Ukishasonga ugali huwezi kumuuliza mtu akuonyeshe maji yako upande gani. Yalikuwa maji, na ulikuwa unga, na sasa ni ugali.

Mtu aliyelionyesha hili mahakamani kabisa ni Kimberlé Crenshaw, profesa wa sheria Marekani. Mwaka 1989 aliandika juu ya kesi ambayo wanawake watano weusi walishtaki General Motors. Kampuni haikuwa imeajiri wanawake weusi kabla ya 1964, halafu uchumi ulipokuwa mbaya miaka ya sabini wakafuta watu kwa kufuata aliyeingia mwisho anatoka kwanza. Unaona wenyewe nani alitoka. Mahakama 1976 ikawaambia, ubaguzi wa jinsia haupo, wanawake wameajiriwa hapa. Walikuwa weupe. Dai la rangi wakaambiwa waliunganishe na kesi nyingine ya weusi dhidi ya kampuni hiyo hiyo. Lakini kushtaki kama wanawake weusi, yaani vyote pamoja, jaji akakataa, akaona wanataka kuunganisha sheria mbili wapate dawa ambayo hakuna aliyeikusudia. Crenshaw akatumia mfano wa makutano ya barabara: umesimama katikati, gari zinakuja kutoka pande zote, ukigongwa huenda ni ya upande huu, huenda ni ya ule, huenda ni zote, na ambulensi inakataa kukubeba mpaka ijulikane ni gari gani. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka Kondele saa kumi na mbili jioni anaelewa hii nadharia bila kusoma.

Wazo hilo hakulitoa hewani, na wengi husahau hii. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad na mkomunisti, alikuwa ameandika 1949 akiwa Marekani kwamba mwanamke mweusi mfanyakazi ndiye anayenyonywa zaidi na chama kinampuuza. Wakamfukuza nchini 1955, na akafa London 1964 akazikwa kando ya Marx mwenyewe pale Highgate. Halafu kikundi cha wanawake weusi wa Boston, Combahee, kikatoa tamko lake 1977 likisema mifumo ya uonevu imefungamana. Hao walikuwa wasoshalisti, waziwazi. Sasa leo neno la makutano limefika kwa makampuni, mabenki yana siku ya kusherehekea tofauti zetu, kuna keki, na lile jambo la nani anamiliki na nani anafanyiwa kazi limepotea njiani kama simu kwa matatu.

Hapo kuna hoja ya watu wa Marx ambayo mimi naikubali. Tabaka si sawa kabisa na hayo mengine mawili. Mwanamke akipigania haki hataki kuacha kuwa mwanamke, mtu mweusi hataki kufutwa weusi, wanataka wasionewe kwa ajili hiyo. Lakini maskini hataki umaskini wake uheshimiwe. Hakuna mama wa Obunga anataka tuandae siku ya kusherehekea mifupa. Anataka fileti. Ukiweka tabaka kwa orodha moja na vitambulisho vingine, unaishia kusema tuache kuwadharau maskini, na tajiri atakubali haraka sana, kuwaheshimu hakumgharimu kitu. Lakini Stuart Hall, yule mzaliwa wa Jamaica aliyefundisha Uingereza, ananirudisha nyuma kidogo, juu alionyesha kwamba watu hawakutani na tabaka likiwa uchi. Wanaliishi kupitia rangi, ndio nguo lenyewe limevaa. Ukiwaambia wavue nguo ndio mwanze mapambano, utabaki peke yako uwanjani na megafoni yako.

Na kwetu nguo hiyo ni kabila. Rangi tunaisikia mbali kidogo siku hizi, mzungu yuko hotelini Naivasha, Mhindi akatangazwa kabila la 44 mwaka 2017 na maisha yakaendelea. Lakini Mahmood Mamdani wa Uganda alieleza 1996 kwamba mkoloni alikata jamii mara mbili. Wenye rangi za juu aliwaweka chini ya sheria ya serikali, wana haki kama raia. Mwafrika akamgawa kwa makabila, kila kabila na chifu wake na mila yake, na mila ikaandikwa kwa kuuliza wazee wanaume. Nani mwingine wangeuliza? Kwa hivyo rangi ilipoondoka 1963 kabila lilibaki limekaa kitini, na mlinzi wa mila ni mwanaume mzee.

Hapo ndio naelewa ile kesi ya S. M. Otieno, ambayo wazazi wetu walikuwa wanaifuata kama mpira. Wakili mkubwa wa Nairobi, mtu wa vitabu na suti, akafa Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu wa familia ya Waiyaki, akataka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo anazikwa kwao. Mwili ukakaa zaidi ya siku mia na hamsini. Upande wa mke ulisema huyu alikuwa mtu wa kisasa, maisha yake yalifuata sheria ya kawaida ya serikali, yaani kwa lugha nyingine tabaka lake lilishamtoa kijijini. Mahakama ya Rufaa ikasema Mei 1987 kwamba Mjaluo ni Mjaluo, suti haimtoi kwa mila, akapelekwa Nyalgunga, Siaya, na mjane hakuenda mazishini. Ukiisoma kama kabila tu, ni Wajaluo na Wakikuyu. Ukiisoma kama jinsia tu, ni mjane na wanaume wa ukoo. Lakini jiulize, wanawake wangapi hapa Nyanza walinyang'anywa maiti na shamba mwaka huo huo na hakuna gazeti liliandika? Wambui alifika mpaka Mahakama ya Rufaa kwa sababu alikuwa na pesa na jina. Tabaka lilimfikisha mlangoni, halikumpitisha.

Mzee wa chai aliniambia kabla ya mzungu hakukuwa na shida ya mwanamke, na sikumjibu vizuri siku hiyo. Kuna mwanazuoni wa Nigeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, aliyeandika 1997 kwamba kwa Wayoruba umri ndio ulipanga watu, si jinsia, na kwamba hilo kundi linaloitwa wanawake lililetwa na mkoloni. Wengine wamempinga. Mimi sina haja ya kwenda Nigeria, Wanandi wako hapo tu juu ya mlima, na kwao mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mke, akahesabika mwanaume, ili mali ipate mrithi. Hiyo inaonyesha mzee ana nusu ya ukweli, jinsia haikuwa ngumu kama mfupa. Nusu nyingine ni kwamba ilipinda ili mali ifike kwa kijana. Na alipokuja Swynnerton, ofisa wa kilimo wa serikali ya mkoloni, na mpango wake wa 1954 wa kupima mashamba na kutoa hati, hati zikaandikwa majina ya wanaume, na shamba ambalo kukhu alilima miaka yote ile likawa na jina la mtu aliyekuwa Njoro.

Hilo shamba ndio linatusumbua saa hii. Kuka na kukhu walishaenda, baba na ndugu zake wamekaa wakapanga kugawa, wakaenda kuchukua barua ya chifu ya warithi, na senge yangu, yaani dada ya baba, hayuko kwa barua. Watoto sita, majina matano. Sheria iko upande wake, Mahakama ya Rufaa ilishasema 2005 kwenye kesi ya Rono kwamba binti hawezi kupunguziwa urithi eti kwa sababu ataolewa, na katiba ya 2010 imeandika wazi. Anayajua hayo, nilimwambia mwenyewe kwa simu. Akaniuliza wakili ni pesa ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza, nikasikia kelele za soko la Kibuye nyuma yake, watu wanaitisha omena, akaniambia mwanangu, hiyo ni magunia mangapi, halafu nikienda kortini siku hiyo nani anakaa kwa meza yangu, na nikishinda nitarudi nyumbani kwa ndugu zangu kwa mguu gani?

Nimemtumia namba ya watu wa msaada wa sheria wa bure. Bado hajawapigia, wiki hii omena imepanda bei.